Kucheza hadithi na marafiki walio mbali: inapangwa namna gani?



Siku moja nyuma ya masomo, mwanafunzi wa kalasi ya sita alikuja kuniuliza: «Mwalimu, nyuma ya mutihani wa Serikali kila mutu atashika njia yake. Mumoja anaenda Kinshasa, mwingine Lubumbashi, wamoja watabaki hapa. Tufanye nini kusudi tusisahauliane?» Nikamujibu bila kufikiri: «Si muko na telefone?» Akacheka. «Ndiyo, Mwalimu, tuko nazo. Juma la kwanza tutaandikiana kutwa. Juma la tatu itakuwa ‹salama?› na ‹salama tu›. Nyuma ya miezi miwili, kimya.»

Nilirudi nyumbani na maneno yake. Kweli, nilipohesabu wale tuliomaliza pamoja, wengi hatukugombana hata kidogo. Tulikosa tu kitu cha kufanya pamoja, na salamu peke yake inaisha upesi. Lakini wane kati yetu tungali tunakutana kila juma mbili kwa telefone, na sababu yake ni muchezo. Ndio huo ninataka kuueleza hapa, na zaidi sana namna ya kuupanga, maana kuupanga ndiyo kazi yenyewe. (Bwana Prefe asihangaike: ninasema juu ya likizo na juu ya wale wanaomaliza. Sikusema mulete telefone mu kalasi.)

MUCHEZO WENYEWE NI NINI?

Kwa kifaransa unaitwa jeu de rôle. Mimi ninauita muchezo wa hadithi. Fikiri bibi yako anatoa hadithi usiku. Sungura amefika kwa mulango wa simba, na bibi ananyamaza. Anakuangalia, anasema: «Wewe ndiwe sungura. Unafanya nini?» Unajibu: «Ninapiga hodi, ninasema nimeleta dawa ya meno.» Bibi anasema: «Haya, tupa dadu, tuone kama simba anakuamini.» Dadu ni kile kijiwe chenye pande sita ambacho tunatupa wakati tunacheza ludo. Ukitupa vizuri, simba anafungua kinywa ili umutazame meno. Ukitupa vibaya, simba anafungua kinywa vilevile, lakini kwa sababu ingine.

Muchezo wote ni huo. Mumoja ni mwongozi: yeye anaeleza pahali, anasema kwa sauti ya simba, ya askari, ya mama muuzaji wa samaki, na ya kila mutu mwingine. Wengine, kila mumoja anashika mutu mumoja tu wa hadithi na kusema huyo mutu anafanya nini. Hakuna anayeshinda wenzake. Na mwongozi mwenyewe hajui mwisho.

Muchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa ulitoka mwaka 1974 katika Marekani, katika muji mudogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Jina lake Dungeons & Dragons, ni kusema magereza ya chini ya udongo na majoka. Walioutunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Mbele ya hapo watu hawa walikuwa wakicheza vita juu ya meza na sanamu ndogo za askari, kila muchezaji akiongoza jeshi zima. Arneson, aliyekaa katika jimbo la jirani la Minnesota, alimupa kila muchezaji mutu mumoja tu badala ya jeshi, naye akaendelea na huyo mutu kutoka siku hata siku. Chapa ya kwanza ilikuwa masanduku 1,000 tu, na ndani ya kila moja vitabu vitatu vidogo. Walitumia dadu za ajabu, hata moja yenye pande 20. Leo kuna michezo mingine mingi sana ya namna hiyo, mikubwa na midogo.

Tangu mwanzo ulikuwa muchezo wa meza. Watu wanaketi pamoja, wanakula karanga, wanaonana uso kwa uso. Na meza ndiyo iliyoleta shida, maana vijana wanamaliza masomo na kuhama. Wamarekani watatu waliokaa chumba kimoja wakati wa chuo kikuu walipatwa na jambo lile lile kijana wetu wa kalasi ya sita anaogopa: kila mumoja alienda muji wake, na muchezo ukasimama. Mwaka 2012 wakatengeneza programu ya intaneti inayoitwa Roll20. Ni kama meza moja ambayo kila mumoja anaiona kwa ekrani yake, pamoja na ramani na dadu. Walitaka tu kuendelea wao wenyewe, kumbe watu wengi walikuwa na shida hiyo hiyo. Mwaka 2015 ikatoka Discord, ambamo kikundi kinaweza kusemezana kwa sauti na kuandikiana. Na mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid, hata wale waliokuwa na meza nzuri nyumbani walihamia huko, kwa kuwa hakuna aliyeweza kutembelea mwenzake.

Lakini musidanganyike na programu. Sisi wane hatutumii hata moja ya hizo. Tunaitana kwa WhatsApp, sauti tu, kila mumoja na kaye yake na dadu yake ya ludo.

ADUI NI KALENDARI

Tulianza mwaka 2021 na tulianza vibaya. Tulikuwa sita. Tulichukua muchezo mukubwa wenye kitabu kinene cha kiingereza ambacho mumoja tu alikuwa amekisoma. Tulipanga masaa matatu kila siku ya posho. Mara ya kwanza tulifika wote, ikawa furaha kubwa. Mara ya pili tulifika watano. Tukaishia katikati ya hadithi: watu wetu walikuwa wameshuka katika shimo refu, na mwenzetu mumoja alibaki juu akishika kamba. Siku ya posho iliyofuata, huyo wa kamba hakuja. Bibi yake alikuwa amezaa usiku ule. Tulifurahi naye, lakini tukasema: hatuwezi kucheza bila yeye, nani atatupandisha? Tukangoja. Juma lingine mwongozi alisafiri. Juma lingine tena tukafika wawili. Hadithi ikafia pale. Mpaka leo, tukikumbushana, tunasema: «Sisi tungali mu shimo.»

Hakuna joka lililotuua. Na ukisoma maneno ya wachezaji wa Marekani na Ulaya utaona kilio ni kile kile: kupata siku moja ambayo wote wanaweza kuja ni vigumu kuliko vita yoyote ya hadithi.

Wanafunzi wa hesabu watanielewa upesi. Tuseme muko watano, na kila mumoja ni mutu mwaminifu anayeweza kuja mara tatu kati ya mara ine. Ni wangapi kati ya vikao vyenu vitakuwa na wote watano? Zidisha 3/4 kwa yenyewe mpaka ikuwe mara tano: inatoka 243 juu ya 1024. Haifiki hata moja kati ya ine! Watu watano wote waaminifu, na vikao vitatu kati ya vine vinakufa. Nilipofanya hesabu hii niliacha kukasirikia rafiki zangu.

Sasa tubadilishe sheria moja tu. Badala ya kusema «tukiwa wote», tuseme «tukifika watatu, tunacheza». Basi tunaongeza zile nafasi za kufika wane, ni 405, na za kufika watatu, ni 270. Jumla 918 juu ya 1024. Karibu vikao tisa kati ya kumi vinafanyika. Watu ni wale wale, telefone ni zile zile. (Hesabu hii inafikiri kwamba shida ya mumoja haigusi mwingine. Umeme ukikatika muji muzima, hesabu inakatika pamoja nao.)

Lakini mutaona mara moja kwamba sheria hii inadai mambo mengine mawili. La kwanza: kama mwongozi ni mumoja tu, siku akikosa yeye, kikao kimekufa hata kama wengine wote wamefika. Kwa hiyo kila mumoja ajifunze kuongoza, na kwa sababu hiyo sheria za muchezo zisikuwe nyingi. La pili: hadithi isiishie mu shimo. Ianze na kumalizika usiku ule ule, kusudi asiyekuja asiache kamba mukononi.

Juu ya hilo la pili kuna Mumarekani, Ben Robbins, mutungaji wa michezo, aliyepata dawa nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa na watu kumi hata kumi na wane waliotaka kucheza, lakini hawakuweza kukutana kila juma. Akaacha kupanga siku. Akawaambia: ninyi wenyewe munaotaka kwenda, tafutaneni, muchague pahali munataka kuenda kuona, kisha muniite. Na akaweka sharti: kila safari inaanza katika muji na inarudi katika muji, usiku ule ule. Asiyekuja, mutu wake amebaki mu muji, anapumzika. Hakuna cha kueleza. Aliuita West Marches, uliendelea zaidi ya miaka miwili, na mwaka 2007 akaandika namna walivyofanya. Tangu hapo vikundi vingi vimemufuata. Wao walikutana kwa meza, si kwa intaneti, lakini dawa ni ile ile, na kwa walio mbali inafaa zaidi.

MUCHEZO WA UKURASA MUMOJA

Nyuma ya shimo lile, wane tuliobaki tulitafuta muchezo mudogo. Tulipata Lasers & Feelings, alioutoa John Harper mwaka 2013. Sheria zote ni ukurasa mumoja, na unatolewa bila feza. Wenyewe ni juu ya watu wa chombo kinachopita kati ya nyota, ambacho kapiteni wake hawezi kuongoza. Sisi tuliugeuza: mashua kwenye ziwa Tanganyika, kapiteni anaugua homa, na mizigo inapashwa kufika.

Sheria ni hizi. Kila muchezaji anachagua namba moja tu, kutoka 2 hata 5. Namba kubwa ni kusema wewe ni mutu wa akili: mashini, hesabu, mipango. Namba ndogo ni kusema wewe ni mutu wa moyo: maneno, huruma, ujasiri. Ukifanya jambo la akili, unatupa dadu na unapashwa kupata chini ya namba yako. Ukifanya jambo la moyo, unapashwa kupata juu ya namba yako. Mimi niko na 4. Motere ya mashua ikizimika na nikataka kuitengeneza, ninafaulu kwa 1, 2 ao 3. Lakini nikitaka kumutuliza mama anayelia kwa sababu ya mizigo yake, ninafaulu kwa 5 na 6 tu. Unaona: kitu kimoja hakiwezi kukua bila kingine kupunguka.

Na ukitupa namba yako yenyewe, kwangu 4, umefaulu, tena unapata ruhusa ya kumuuliza mwongozi swali moja, naye anapashwa kujibu kweli. «Huyu askari anatafuta nini hasa?» Ndiyo sehemu ninapenda kupita zote.

Dadu ni moja. Kama ulijitayarisha mbele, unatupa mbili. Kama hilo jambo ni kazi yako, unaongeza ingine. Kisha unahesabu ngapi zimefaulu. Hakuna hata moja: mambo yanaharibika. Moja: umeweza, lakini kwa shida, mwongozi anakuletea taabu fulani. Mbili: umefanya vizuri. Tatu: hata zaidi ya vile ulivyotaka. Kujifunza haya ni dakika kumi. Hata mutu ambaye hajacheza bado anaweza kuongoza mara ya tatu.

Mutauliza: kila mumoja anatupa dadu kwake, nani anamuona? Na akidanganya? Ninajibu: adanganye. Kuna programu zinazotupa dadu mbele ya watu wote, na mukitaka mutazitumia. Lakini kati ya marafiki wane, anayefaulu kila mara anachoka yeye mwenyewe wa kwanza. Hadithi zetu tunazosimulia mpaka leo ni zile ambamo tulitupa vibaya.

KUITA WATU NA KUPANGA SAA

Haifai kuuliza kikundi: «Mutapata nafasi lini?» Swali hilo linaleta majibu sita yasiyopatana, kisha kimya. Siku iwe moja, inayojulikana. Yetu ni siku ya posho ya kwanza na ya tatu ya mwezi. Siku ya ine jioni, anayeongoza mara ile anaandika messaji moja fupi: siku, saa, muda, na swali la ndiyo ao hapana. Wakipatikana watatu pamoja naye, imekwisha kupangwa. Wakikosekana, anasema mara moja hakuna kikao, na hakuna kulaumiana. Kuita kunapita kwa zamu kama vile kuongoza. Zamani tulimuachia mumoja kazi yote ya kuita, naye alichoka, wala hakutuambia kwamba amechoka. Aliacha tu kujibu. Nusura tumupoteze.

Muda usipite saa moja na nusu. Kwa meza watu wanaweza kukaa usiku muzima, lakini kusikiliza kwa telefone kunachosha masikio, na mega zinaisha.

Juu ya saa, muwe waangalifu sana. Kongo yetu iko na saa za namna mbili: Kinshasa na upande wa magharibi wako nyuma ya Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani kwa saa moja. Mumoja wetu anakaa Bruxelles. Huko wakati wa baridi saa ni sawa na ya Kinshasa, wakati wa joto ni sawa na ya Lubumbashi, maana wanasogeza saa zao siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa tatu na ile ya mwisho ya mwezi wa kumi. Wenye ndugu katika Marekani wajue kwamba wale nao wanasogeza, lakini kwa tarehe zingine: siku ya Mungu ya pili ya mwezi wa tatu, na ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo kuna majuma ambamo kila mutu anafikiri mwenzake amechelewa.

Tena kuna saa yetu ya kiswahili. Niliandika mara moja «saa mbili usiku». Yule wa Kinshasa, aliyezoea saa ya kifaransa, akaniuliza: «Usiku wa manane? Umepatwa na nini?» Tangu hapo tunaandika «20 h ya Lubumbashi», na kila mumoja anahesabu kwake.

KWA TELEFONE HAIKO SAWA NA KWA MEZA

Kwa meza unaona mwenzako anataka kusema. Kwa telefone huoni, basi wote wanasema mara moja, kisha wote wananyamaza mara moja. Ndiyo sababu wachezaji wasipite wane, na mwongozi awaite kwa majina: «Wewe wa motere, unafanya nini? Wewe wa mizigo?» Asiyesema afunge sauti yake, kwa kuwa sisi wengine hatutaki kusikia groupe ya jirani yako na kuku zake. Picha muache, sauti peke yake inakula mega kidogo.

Mutandao ukikatika katikati? Tuko na sheria: mutu wako amebaki nyuma, analinda mizigo. Ukirudi, umerudi. Hatusimamishi, hatukuulizi.

Na kwa wale ambao koneksio yao ni mbaya kila siku, kuna njia ya polepole. Hakuna kuitana. Mwongozi anaweka vokali moja katika grupu asubuhi, kila mumoja anajibu kwa vokali yake wakati anapata mutandao, na usiku mwongozi anaeleza yaliyotokea. Njia hii ni ya zamani: mbele ya telefone hizi, watu walicheza hivyo kwa barua na kwa imeli. Hadithi moja inaweza kuchukua mwezi. Hatari yake ni kwamba mumoja akinyamaza, wote wanangoja. Muweke sharti tangu mwanzo: siku mbili bila jibu, mwongozi anaendelea, na mutu wako analinda mizigo.

NENO MOJA JUU YA WOGA

Wazazi wamoja watauliza kama muchezo huu ni mubaya. Si wao wa kwanza. Katika Marekani, miaka ya 1980, Wakristo wengi waliogopa sana Dungeons & Dragons kwa sababu ya wachawi na mashetani walio katika vitabu vyake. Mwaka 1983 mama mumoja aliyefiwa na mutoto wake kwa kujiua alianzisha shirika la kuupinga. Uchungu wake ulikuwa wa kweli. Lakini uchunguzi uliofanywa haukuonyesha kwamba muchezo unawasukuma vijana kujiua. Mimi ninasema: hadithi ni yenu, na yatakayokuwa ndani munayaweka ninyi wenyewe. Katika mashua yetu hakuna muchawi hata mumoja. Kuna homa, mizigo, dhoruba, na mama mumoja wa samaki mwenye maneno makali.

Woga unaonihangaisha mimi ni mwingine, na ninataka muuelewe vizuri. Usiku mumoja mimi ndiye niliyeongoza. Nikaleta watu wenye silaha kwenye bandari, usiku, wanapiga mulango wa nyumba ambamo wasafiri wanalala. Kwangu ilikuwa hadithi tu, nilitaka woga kidogo. Mwenzetu mumoja akanyamaza. Nikafikiri ni mutandao. Nikamuita mara mbili kwa jina la mutu wake. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya muchezo: «Hapana, wandugu, hiyo tuiache.» Hatukuuliza. Wote tunajua alitoka wapi wakati alikuwa mutoto, na namna gani alitoka.

Wachezaji wa Marekani wako na kitu kwa ajili ya hayo, kilichotungwa na John Stavropoulos. Ni karatasi yenye herufi X katikati ya meza. Mutu yeyote akiigusa, jambo lile linatolewa katika hadithi mara moja, bila kuomba sababu. Kwa telefone unaandika X tu katika grupu ao kusema «X». Mwongozi anarudi nyuma kidogo, anasema: «Mulango haukupigwa. Kumekucha, mvua inanyesha, mashua iko tayari», na muchezo unaendelea. Sisi hatukuwa nacho usiku ule, tunacho sasa. Katika inchi yetu, kikundi cha marafiki wane hakikosi mutu aliye na mulango wake. Muweke X mbele ya kikao cha kwanza, musingoje kama sisi. Na anayeongoza aulize mbele, kwa siri kama inafaa: kuna jambo gani usitake kukutana nalo?

Juma lile nilimuandikia kumuomba radhi. Akanijibu kwamba hana neno. Na siku ya posho ya tatu ya mwezi ule ule, saa ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia.

Ule ukurasa wa sheria nimeuandika kwa kiswahili, na mashua na ziwa ndani yake. Wanafunzi wa kalasi ya sita wanaotaka kuunakili waje kwangu siku ya tatu, wakati wa mapumziko, chini ya muembe karibu na buro ya walimu. Waje watatu watatu, kila mumoja na kaye na bike. Atakayepata dadu aje nayo, zangu ni mbili tu na moja imepasuka upande wa sita.